Namba Ipi Si ya Kundi Hili? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyopo hapa huletwa na wanafunzi wa darasa la tano hadi kidato cha pili, wazazi wanaokaa nao mezani jioni, walimu wanaotunga mazoezi, na watu wa mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, wanaoshika daftari la mizani. Yamepangwa kwa jinsi yanavyozaana, kwa hiyo unaweza kuruka hadi lile linalokusumbua.

Swali la "ipi si ya kundi" linataka nini hasa?

Linataka vitu viwili: kanuni inayozifunga namba zilizobaki, na namba moja inayoivunja kanuni hiyo. Wanafunzi wengi hutoa hicho cha pili tu.

Chukua 14, 21, 27, 35. Mtoto akiandika "27" na kunyamaza, hatujui kama amejua au amebahatisha. Jibu lililokamilika ni hili: "14, 21 na 35 ni vigawe vya 7, 27 ukiigawa kwa 7 inabaki 6." Angalia linavyoanza. Linaanza na zile tatu, halafu ndipo linamfikia mgeni. Ukianza na mgeni utamtafutia kasoro, na kasoro hazikosekani: kila namba duniani ina kitu ambacho jirani yake hana.

Mwanangu alijibu 14 kwenye swali hilohilo, kwa kuwa ndiyo shufwa peke yake. Amekosea?

Hajakosea hesabu. 14 ni shufwa (hugawanyika kwa 2), 21, 27 na 35 ni witiri (hazigawanyiki kwa 2), na kanuni yake inaacha namba moja tu nje. Shida ni kwamba kanuni zipo mbili, na mtungaji alitaka moja.

Hapa ndipo penye ubishi mwingi, kwa hiyo tukae kidogo. Tazama kundi hili: 8, 27, 36, 64. Ukitaka kuiondoa 8, sema ndiyo yenye tarakimu moja. Ukitaka 27, sema ndiyo witiri peke yake. 64 ndiyo pekee ambayo ni mraba na mchemraba kwa wakati mmoja (8 × 8, na pia 4 × 4 × 4). Na 36 ndiyo pekee isiyo mchemraba, maana 8 ni 2 × 2 × 2 na 27 ni 3 × 3 × 3. Namba nne, na kila moja ina wakili wake.

Kipimo kinachosaidia ni uadimu wa kanuni. Hesabu ni namba ngapi kati ya 1 na 100 zinazoitii:

- shufwa: 50
- vigawe vya 3: 33
- namba tasa: 25
- vigawe vya 7: 14
- namba za pembetatu (1, 3, 6, 10, 15 na kuendelea): 13
- namba za mraba: 10
- namba za mchemraba: 4 tu, yaani 1, 8, 27 na 64

Sasa andika namba 1 hadi 100 kwenye vikaratasi, tia kwenye kikapu, chomoa kimoja ukiwa umefumba macho, kirudishe, chomoa tena, mara tatu. Kupata witiri tatu mfululizo hutokea kama mara 125 katika kila majaribio 1,000. Kupata michemraba mitatu mfululizo hutokea kama mara 64 katika kila majaribio 1,000,000. Kwa hiyo ukiona 8, 27 na 64 zimekaa pamoja, ujue kuna mkono uliozipanga. Ukiona witiri tatu pamoja, huenda zimekutana tu kama abiria wa kivuko.

Ndiyo maana kwenye 14, 21, 27, 35 tunaichagua 27: vigawe vya 7 ni adimu kuliko witiri. Hata hivyo, mwalimu mwenye haki atampa alama mtoto aliyesema 14 na kutoa sababu. Lawama ni ya swali.

"Ndiyo kubwa kuliko zote" ni sababu?

Hapana. Kila kundi la namba tofauti lina kubwa yake na ndogo yake. Kanuni isiyoweza kushindwa popote haielezi chochote.

Shufwa, witiri, tasa: nizikumbukeje?

Maneno yenyewe yanasaidia. Shufwa ni ya jozi: hugawanyika kwa 2 bila baki, na huishia na 0, 2, 4, 6 au 8. Witiri hubakiza 1. Anayeijua swala ya witiri anakumbuka kwamba rakaa zake huisha kwa idadi isiyo ya jozi, iwe 1 au 3.

Tasa ni neno tunalolitumia kwa kisichozaa, na maana ndiyo hiyohiyo: namba tasa haitokani na kuzidisha namba nyingine isipokuwa 1 na yenyewe. Ina vigawo (namba zinazoigawa bila baki) viwili kamili, si zaidi wala pungufu. Hapo kwenye "viwili kamili" ndipo 1 inapotolewa nje, kwa sababu ina kigawo kimoja tu. Kuna sababu nzito zaidi. Kila namba kubwa kuliko 1 ina njia moja tu ya kuvunjwa kuwa tasa: 12 ni 2 × 2 × 3 na basi. Tungeikubali 1 kuwa tasa, 12 ingekuwa pia 1 × 2 × 2 × 3, na 1 × 1 × 2 × 2 × 3, bila mwisho.

Na 2 je? Ni tasa, na ndiyo shufwa pekee iliyo tasa. Ukichora duara mbili za seti zinazopishana, moja ya shufwa na moja ya tasa, kwenye sehemu ya katikati ataingia mtu mmoja tu.

Sifuri ni shufwa au witiri?

Shufwa. Sifuri ukiigawa kwa 2 haibaki kitu. Pia inakaa kati ya −1 na 1, ambazo zote ni witiri.

Namba nzima na namba kamili si kitu kimoja?

Katika hesabu za shule zetu, namba za kuhesabia ni 1, 2, 3 na kuendelea. Ukiongeza sifuri unapata namba nzima. Ukiongeza na hasi (−1, −2, −3…) unapata namba kamili. Kila namba nzima ni namba kamili, lakini −4 ni kamili bila kuwa nzima. Baadhi ya vitabu huyachanganya maneno haya mawili, kwa hiyo soma kwanza kitabu kinavyoyafafanua.

Nijuaje kama 91 au 97 ni tasa bila kukariri orodha?

Huhitaji kujaribu kila namba. Jaribu tasa ndogo moja baada ya nyingine hadi pale ambapo tasa hiyo ikizidishwa kwa yenyewe inaipita namba yako. Kwa namba yoyote chini ya 121, tasa za kujaribu ni nne tu: 2, 3, 5 na 7, kwa sababu 11 × 11 ni 121.

97: haiishii na shufwa, 9 + 7 ni 16, si kigawe cha 3, haiishii na 0 wala 5, 7 × 13 ni 91, inabaki 6. Ni tasa.

91: inapita mtihani wa 2, wa 3 na wa 5, halafu inakwama kwenye 7, maana 7 × 13 ni 91 kamili. Si tasa. Hii ndiyo inayowaangusha wengi, kwa kuwa haimo kwenye jedwali la kuzidisha la hadi mara kumi na mbili. Ndugu zake ni 51 (3 × 17), 57 (3 × 19), 87 (3 × 29), 119 (7 × 17) na 133 (7 × 19). Mtungaji akitaka mgeni anayejificha kati ya tasa, huchota kutoka hapa.

Kuna njia ya haraka ya kujua namba inagawanyika kwa ngapi?

Kwa 3 na kwa 9, jumlisha tarakimu. Kwa 4 angalia tarakimu mbili za mwisho: 3,716 inaishia na 16, basi inagawanyika. Kwa 8 angalia tatu za mwisho: 5,136 ina 136, ambayo ni 8 × 17. Kwa 6 lazima ipite kwa 2 na kwa 3, zote mbili. Kwa 11, toa na jumlisha kwa zamu: 2,816 inatoa 2 − 8 + 1 − 6, yaani −11, kwa hiyo inagawanyika.

Ya 7 husahaulika sana. Ondoa tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, kisha itoe kwenye kilichobaki. 574: 57 − 8 ni 49, na 49 ni kigawe cha 7, kwa hiyo hata 574. Si uchawi. Ulichofanya kwa siri ni kutoa 21 mara tarakimu ya mwisho, na 21 yenyewe ni kigawe cha 7.

Kosa la kawaida ni kuhamisha kanuni ya 3 kwenda kwa namba nyingine. Jumla ya tarakimu za 34 ni 7, lakini 34 haigawanyiki kwa 7.

Mtoto mdogo haelewi vigawo. Nianzie wapi nyumbani?

Vizibo vya soda. Okota thelathini hivi, vioshe, vitandaze mezani. Mpe 12 na umwambie apange mistatili iliyojaa, isiyo na pengo. Atapata safu 1 ya 12, safu 2 za 6, safu 3 za 4. Andika pembeni: 1, 2, 3, 4, 6, 12. Hivyo ndivyo vigawo, na ameviona kwa macho kabla ya kulisikia neno.

Mpe 13. Atahangaika, atasogeza huku na huko, na mwisho atabaki na mstari mmoja mrefu. Mwache ahangaike, hapo ndipo utasa unapoingia kichwani. Kisha 16: safu 4 za 4, umbo la mraba. Mwombe ahesabu vigawo vya 16. Ni 1, 2, 4, 8, 16, jumla 5, idadi witiri. Vigawo hutembea wawiliwawili (1 na 16, 2 na 8), ila 4 mwenzake ni 4. Namba yoyote yenye idadi witiri ya vigawo ni ya mraba, na isiyo ya mraba ina idadi shufwa. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuligundua hilo kwa vizibo tu.

Mawe madogo ya ufukweni yanafaa pia, lakini yanabingirika.

Sehemu na desimali zikichanganywa nifanyeje?

Zivalishe nguo moja kwanza. 3/4, 0.75, 75% na 0.34: badili zote kuwa desimali na mgeni anajitokeza. Sehemu tupu zirahisishe hadi mwisho: 2/4, 3/6, 5/10, 4/9. Tatu zinarudi kuwa 1/2, ya nne hairudi.

Kuna aina ngumu kidogo: 3/8, 7/20, 9/15, 5/12. Hapa swali ni desimali ipi isiyokoma. Sehemu iliyorahisishwa hukoma ikiwa asili yake (namba ya chini) imejengwa kwa 2 na 5 peke yake. 8 ni 2 × 2 × 2, sawa. 20 ni 2 × 2 × 5, sawa. 12 ina 3 ndani yake, basi 5/12 ni 0.41666… bila kikomo. Mtego uko kwenye 9/15: mwanafunzi huona 15 ina 3 na kuiondoa kundini, kumbe 9/15 ni 3/5, yaani 0.6. Neno la kushika ni "iliyorahisishwa".

22/7 ndiyo pai?

Siyo, ni jirani yake. 22/7 ni 3.142857…, pai ni 3.14159…, zinaachana kwenye tarakimu ya tatu baada ya nukta. 22/7 ni sehemu, ina kiasi na asili. Pai haiandikiki kama sehemu ya namba kamili mbili, jambo ambalo Johann Lambert alilithibitisha mwaka 1761. Kwenye kundi la 22/7, 0.5, √49 na √20, mgeni ni √20, maana nayo haiandikiki kama sehemu. √49 imevaa alama ya kipeuo lakini ndani yake ni 7 tu.

Namba ikiwa imekosewa ndani ya mfuatano, nitaikamataje?

Andika tofauti chini ya mfuatano. Kwa 3, 7, 11, 14, 19 tofauti ni 4, 4, 3, 5. Kosa la namba moja ya katikati huharibu tofauti mbili zinazofuatana, moja hupungua na nyingine huongezeka kwa kiasi kilekile. 3 na 5 zimezungukia 14, kwa hiyo 14 ilitakiwa iwe 15.

Tofauti zisipokuwa sawa, usikate tamaa. 2, 6, 12, 20, 31, 42 inatoa 4, 6, 8, 11, 11. Zilikuwa zinapanda kwa 2, zingetakiwa kuwa 4, 6, 8, 10, 12. Hizo 11 mbili zimezungukia 31. Sahihi ni 30.

Ikiharibika tofauti moja tu, tazama namba ya kwanza au ya mwisho.

Namba za daladala na za simu zinaingia wapi?

Popote isipokuwa kwenye hesabu. Namba hutumika kwa kazi tatu: kuhesabu (sato 12), kupanga nafasi (wa 3 kwenye foleni) na kutaja (namba ya gari, namba ya simu). Ya kutaja ni jina lililovaa tarakimu. Jumlisha namba za daladala tatu zilizosimama Buzuruga, gawa kwa tatu, na wastani wake hautakufikisha Nyegezi. Kwenye daftari safu hizi zisichanganywe. Programu ya jedwali ya kompyuta hujumlisha namba za simu bila kuuliza, na hufuta ile 0 ya mwanzo.

Je, Kiswahili chenyewe kinagawa namba?

Kinagawa, na ni swali zuri la kuchangamsha darasa. Ipi si ya kundi: 3, 5, 6, 8? Watatafuta shufwa na tasa wachoke. Sasa hesabu samaki: sato watatu, sato watano, sato sita, sato wanane. Sita haikubali kiambishi. Wenzake ni saba, tisa na kumi, nazo hazibadiliki mbele ya nomino yoyote.

Kwenye daftari la mizani, nitajuaje kwamba namba fulani ni kosa na si samaki wa ajabu?

Hapa mgeni hatafutwi kwa vigawe. Hutafutwa kwa umbali. Tuseme sangara saba wamepimwa urefu kwa sentimita: 54, 57, 16, 58, 61, 63, 59.

Zipange: 16, 54, 57, 58, 59, 61, 63. Ya katikati ni 58. Katikati ya nusu ya chini ni 54, katikati ya nusu ya juu ni 61. Tofauti yao ni 7. Izidishe kwa 1.5, upate 10.5. Toa kwenye 54, jumlisha kwenye 61: mipaka ni 43.5 na 71.5. Kilichoko nje ya mipaka kinastahili kuulizwa, na 16 iko nje mbali.

Kuulizwa, si kufutwa. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kwa hiyo 16 ingekuwa habari kubwa kama ni kweli. Lakini igeuze: 61. Aliyeandika amepindua tarakimu. Ukisahihisha, jumla inatoka 368 kwenda 413, na wastani unatoka kama 52.6 hadi 59 kamili. Namba ya katikati imesogea kutoka 58 hadi 59 tu. Ndiyo sababu ukishuku daftari, itegemee ya katikati kabla ya wastani.

Tena, 61 − 16 ni 45, kigawe cha 9. Tarakimu mbili zilizopinduliwa huacha pengo linalogawanyika kwa 9 daima. Jumla mbili za daftari zikipishana kwa 27, 180 au 450, anza kutafuta zilizopinduliwa. Zikipishana kwa 100 kamili, usipoteze muda huko. Huenda ni kosa la kubeba mkononi.

Kwenye mtihani muda ni mfupi. Nijaribu nini kwanza?

Shufwa na witiri kwa jicho moja. Kisha mraba na mchemraba, ukiwa umekariri miraba hadi 15 × 15 na michemraba hadi 5 × 5 × 5. Kisha vigawe vya 3, 7 na 11. Kisha tasa. Tofauti na jumla ya tarakimu ziwe za mwisho. Ukipata kanuni mbili zinazotoa majibu mawili, chagua iliyo adimu na songa mbele.

Nataka kutunga swali lisiloleta ubishi. Hatua ni zipi?

Chagua kanuni kwanza, tuseme mraba. Weka wenyeji watatu: 36, 49, 64. Mtafute mgeni anayewafanana kwa ukubwa. Ukiweka 50, umetega bomu: 49 inakuwa witiri peke yake, na nusu ya darasa wataichagua. Weka 75 badala yake. Sasa shufwa ni mbili na witiri ni mbili, mlango huo umefungwa. Vigawe vya 3 ni 36 na 75, mbili kwa mbili, umefungwa pia. 75 ndiyo pekee inayogawanyika kwa 5, lakini hilo halidhuru, maana linaelekeza kwa mgeni yuleyule. Bado 49 ni kigawe cha 7 peke yake. Kanuni hiyo inamtaja mmoja bila kusema wengine watatu wanaunganishwa na nini, kwa hiyo ni dhaifu. Mwisho mpe mwalimu mwenzako swali bila jibu. Akikuletea namba tofauti na yako, na sababu inayoeleweka, rudi kabadilishe mgeni.

Na chini ya kila swali acha mstari mmoja mtupu wenye maneno "Kwa sababu…".